Miaka ya Pembe

Mwaka 1970 mvua zilitukataa Voi, na mwaka uliofuata zikapita juu yetu kama gari moshi la usiku lisilosimama stesheni. Sisi wa chini ya mlima wa Sagalla tulikuwa wazoefu wa kiangazi. Mahindi yakifa, kunde na pojo huvumilia. Hizo nazo zikifa, mtu hupanda mlimani kwa jamaa zake wenye mihogo, ndizi na chemchemi. Safari hiyo jamaa wa mlimani ndio walioteremka kuja kutuuliza sisi kama kuna chochote. Baba alikuwa kwenye genge la reli, kwa hiyo tuliponea madebe ya maji ya stesheni. Bomba la Mzima lilikuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya hamsini, likikatiza nchi yetu kavu yote, na jirani yetu mmoja mzee alipenda kukaa juu ya tuta lake jioni. Alisema anasikiliza wenzetu wa pwani wakioga.

Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na mpaka wake upande wetu ulikuwa mstari wa kwenye ramani tu. Ndovu, wekundu kwa vumbi la nchi ile, walivuka walipotaka. Swala twiga alisimama kwa miguu miwili akichuma majani nyuma ya choo chetu, na digidigi, wawili wawili, walikuwa wa kawaida kuliko mbuzi. Wazee waliwaita wote hao ng'ombe wa serikali. Ukimla mmoja unafungwa. Yeye akila shamba lako, pole.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa askari wa gemu upande wa Mashariki, chini ya David Sheldrick. Ndiye aliyetueleza mwaka 1971 kwamba ndovu hawafi kwa kiu. Maji yalikuwapo mtoni Galana. Kilichokwisha ni chakula karibu na maji. Dume huweza kutembea mbali usiku kucha kutafuta majani kisha akarudi kunywa, lakini jike mwenye ndama hawezi kumwacha mtoto wala kumkokota umbali huo. Basi majike walibaki kando ya mto wakila magome, kisha vijiti, kisha wakalala. Waliofanya hesabu baadaye walisema walikufa kama 6,000. Upepo ukivuma kutoka huko, nyanya alifunga dirisha.

Kulikuwa na ubishi mkubwa kabla ya hapo, ingawa sisi tulikuja kuusikia baadaye. Katika miaka ya sitini ndovu walikuwa wameangusha miti na kuchimba mibuyu hadi ikatoboka, na vichaka vya miiba vikageuka uwanda wa nyasi. Mtaalamu Richard Laws alitaka maelfu yao wapigwe risasi ili wapunguzwe. Sheldrick akakataa, aliona nchi ijipimie yenyewe. Mjomba alikuwa upande wa bwana wake mpaka alipozikwa. Mimi nikiyatazama sasa naona kwamba mabwana hao walibishana juu ya ndovu na miti, na hakuna kati yao aliyetuweka sisi na kunde zetu kwenye hesabu.

Kisha pembe zikabaki. Ndovu maelfu wameoza, na pembe zao zimelala juani kama kuni. Askari walizikusanya kwa malori, lakini mbuga ile na jirani yake ya Magharibi zinapita kilomita za mraba 20,000, na malori hayawezi kufika kila mahali. Watu wakaanza kuingia usiku, wengine wakija kwa miguu kutoka Ukambani. Hawakuua mnyama, waliokota. Kwa mtu ambaye hajavuna misimu miwili, kuokota hakukuonekana wizi. Nakumbuka duka moja mjini Voi lililouza sukari na vibiriti kwa mbele, na nyuma lilikuwa na mizani isiyopimia sukari. Mama alilipia karo ya kaka yangu muhula mmoja, na hakuna aliyemwuliza pesa imetoka wapi. Mjomba naye hakuuliza, ingawa alikuja kunywa chai na kuiona risiti.

Wawindaji wa kweli wa nchi ile walikuwa Wawata, watu wa upinde mrefu na mshale wa sumu, wanaozungumza lugha iliyo jamaa na Kioromo. Kampeni ya mwaka 1957 dhidi ya ujangili iliwakamata wengi wao na kuwafunga. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa Galana ili wawinde ndovu kwa kibali, mpango ambao haukudumu. Mzee mmoja wa Kiwata aliyekuwa akichunga mbuzi wa tajiri mmoja wa Voi alituambia, sisi watoto, kwamba yeye angemfuata ndovu mmoja siku tatu kwa nyayo. Hao wapya, alisema, wanafuata bei.

Na bei ilipanda miaka yote ya sabini. Waokotaji walipomaliza za kuokota, mishale ikaingia, na nyuma ya mishale zikaja bunduki. Serikali ikapiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi madukani. Haikusaidia, magenge yenye silaha za vita yaliingia hadi karibu na barabara kuu. Faru waliohesabika kwa maelfu walikwisha kwa ajili ya vipusa. Ndovu, ambao kabla ya ukame walifikia makumi ya maelfu, walikuwa wamebaki elfu tano au sita tu Tsavo nzima mwaka 1988. Mjomba alistaafu na risasi mguuni. Sisi tulijifunza kutambua milio: ule wa askari, na ule mwingine.

Julai 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe mjini Nairobi. Tulisikiliza redioni. Mjomba alilia, nyanya akasema huo ni moto wa watu walioshiba. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, na fidia ya mazao yaliyoliwa na wanyama ikafutwa. Sijawahi kusikia mtu akiyataja mambo hayo mawili kwa pamoja, lakini kwetu yaliingia kwa mlango mmoja: pembe ikawa kitu kisichoguswa na dunia nzima, na gunia la mahindi likawa si kitu. Ndovu akiua mtu, familia iliandikiwa shilingi 30,000.

Wengi wa rika langu waliondoka. Wengine walikwenda Mwatate kukata mkonge, wengine wakachimba tsavoraiti, jiwe la kijani lililopewa jina la mbuga yetu na kuuzwa kwa wanunuzi wasioijua Voi iko wapi. Mimi nilifuata reli hadi Mombasa.

Ndovu wamerudi, hesabu ya 2021 ilikaribia 15,000 katika eneo zima la Tsavo. Sheria ya 2013 ilipandisha fidia ya kifo hadi shilingi milioni tano na kuyarudisha mazao kwenye orodha. Binamu yangu aliyebaki Sagalla amezungushia shamba waya wenye mizinga ya nyuki, mmoja kila baada ya mita kumi, kwa kuwa ndovu akiusukuma waya mizinga hutikisika, na yeye huwaogopa nyuki. Asali anauza Voi. Ulipokuja ukame wa 2022, ule ulioua ndovu 205 nchini kwa miezi tisa, maua yalikauka, nyuki wakahama, na ndovu wakaingia shambani kupitia mizinga mitupu. Nilimpigia simu kumpa pole. Akaniambia mahindi yenyewe hayakuwa yameota, kwa hiyo walichokula ni ua wa nyumba na tangi la maji walilolipasua, na kama nina pesa nimtumie ya tangi.