Kalemie: Namba ya nkambo iliyobaki kichwani mwa bibi

Mtoto alikuwa na wiki tano na bado hakuwa na jina. Alizaliwa chini ya hema, katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani pembeni mwa mji wa Kalemie, jimbo la Tanganyika. Ni kitukuu wa kwanza wa kiume wa bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka 80. Baba ya mtoto alitaka kumpa jina la nkambo wa ukoo, yaani baba mzazi wa huyo bibi. Bibi akakataa.

"Mtu aliyetupa watoto hapewi mtoto," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku zilikuwa zinahesabika. Sheria ya familia ya Congo inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto tangu siku ya kuzaliwa. Kwa familia iliyokimbia vita, cheti cha kuzaliwa ni kitu cha kushika kwa mikono miwili, maana mtoto asiye na karatasi huanza maisha kwa kuulizwa yeye ni wa wapi.

Kisa cha nkambo huyo kilijulikana na wote katika familia, na kilikuwa kifupi. Alitoka Kongolo akaenda kuyeyusha shaba kwa Wazungu wa Union Minière huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1941 mke wake alirudi kijijini kwa ajili ya matanga ya mama yake, akiwa na watoto wawili na mimba changa. Mume alibaki kazini. Hakuja kuwachukua, hakutuma mtu, hakutuma hata salamu. Kijijini watu wakasema amepata mwanamke mwingine mjini. Ile mimba ndiyo bibi mwenyewe. Alikua akisikia maneno hayo kisimani na shambani, na mama yake alikufa bila kupata mengine ya kuyajibu.

Ushahidi pekee uliokuwa nyumbani ulikuwa karatasi moja. Wakati wa ukoloni, mtu mweusi hakuweza kutoka katika eneo la chifu wake na kwenda kukaa mahali pengine bila karatasi ya ruhusa. Mama yake bibi alirudi na ruhusa ya namna hiyo, na juu yake karani alikuwa ameandika namba ya kazi ya mume. Karatasi hiyo ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati. Bibi alipoanza shule ya misheni, alijifunza kusoma tarakimu kwa kupitisha kidole juu ya namba ile.

Sanduku lilibaki Nyunzu, ambako bibi aliolewa. Wakati wa machafuko ya 2017 nyumba ilichomwa moto. Familia ilitoka usiku ikafuata njia ya reli kuelekea Kalemie, na kila mtu alibeba mtoto au sufuria. Hakuna aliyekumbuka karatasi.

Mwaka huu mjukuu mwingine wa bibi, fundi wa umeme anayeishi Lubumbashi, alisikia kwa simu ugomvi juu ya jina la mtoto. Akamwuliza bibi kama kuna kitu chochote anachokumbuka kuhusu baba yake, hata kidogo. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akataja tarakimu tano, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayesoma ubaoni. Mjukuu akaziandika juu ya mkono wake, maana hakuwa na daftari karibu.

Kupata jibu hakukuwa rahisi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ya Lubumbashi ilitoka katika tanuru tarehe 30 Juni 1911. Mwanzoni mwa 1967 serikali ilichukua mali zake, na kampuni ya taifa tunayoiita leo Gécamines ikazaliwa humo. Katika mabadiliko yote hayo karatasi zilihama pia. Sehemu ya nyaraka za kampuni iko Brussels, katika hifadhi ya nyaraka za taifa la Ubelgiji. Nyingine zilibaki Katanga, na si zote zilizotunzwa vizuri.

Mjukuu alipiga hodi katika ofisi moja mara tatu. Mara ya kwanza mwenye ufunguo hakuwapo. Mara ya pili aliambiwa arudi na barua. Mara ya tatu mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa karani, alimwonea huruma na kumfundisha jambo ambalo yeye hakulijua: jina lisitafutwe kwanza, itafutwe namba. Jina la mtu mweusi liliandikwa jinsi karani alivyolisikia siku hiyo. Karani wa Kifaransa aliandika "ou" mahali pa "u". Aliyeandika kwa haraka aliacha herufi. Jina la nkambo huanza na Ng', lakini kwenye karatasi lilianza na N peke yake, na mwisho wake ulikuwa umekatwa. Kwa kutafuta jina, familia isingempata kamwe.

Kwa namba, alipatikana. Faili lilikuwa jembamba, na mchwa walikuwa wamekula pembe moja.

Karatasi ya kwanza ni ya 1929. Inataja kijiji, chifu, teritwari ya Kongolo, jina la baba yake, urefu na uzito wake. Kampuni ilimpima kama mtu anavyopima gunia kabla ya kulinunua. Wakati huo, watu wa Kongolo waliokwenda Katanga walipanda mashua kwa mto Lualaba hadi Bukama, kisha wakapanda gari la moshi hadi Elisabethville. Mkataba wake ulikuwa wa miaka mitatu. Mwaka mmoja kabla, 1928, kampuni ilikuwa imeanza kupendelea mikataba mirefu na wafanyakazi wanaokaa kambini pamoja na wake zao, kwa sababu kuleta watu wapya kila mara kulikuwa hasara.

Kazi yake: tanuru. Karatasi haielezi zaidi ya neno hilo, lakini wastaafu wa Lubumbashi wanaweza kulieleza. Matanuru ya zamani yalikuwa na kuta mbili za chuma, na katikati maji yalizunguka ili chuma chenyewe kisiyeyuke. Kwa juu watu walimwaga mawe ya shaba pamoja na makaa yaliyokuja kwa reli kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini. Kwa chini upepo ulisukumwa ndani. Shaba, kwa kuwa ni nzito, ilishuka chini. Mavi ya shaba yalielea juu, yakafunguliwa njia yake na kupelekwa nje yakiwa bado mekundu, kisha yakamwagwa. Moshi uliwasha macho na kifua, na tone moja la moto juu ya mguu liliacha alama ya maisha.

Mavi hayo yaliyomwagwa mwaka baada ya mwaka ndiyo kile kilima cheusi kilicho karibu na bomba refu la moshi la Lubumbashi. Mjukuu alikuwa anakipita kila asubuhi akienda kazini. Alikijua kama picha ya mji, kama wote wanavyokijua. Siku aliyosoma faili alishuka njiani, akasimama akakiangalia. Alimwambia ndugu yake kwa simu kwamba kumbe sehemu ya mlima ule ilitoka mikononi mwa nkambo wao.

Karatasi ya pili inasema kwamba 1932 alirudishwa kwao. Ulikuwa wakati wa shida kubwa ya uchumi duniani: bei ya shaba ilianguka, na Union Minière iliwaondoa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake weusi. Mwaka 1936 aliajiriwa tena kwa namba ileile. Safari hii alikuja na mke. Jina la mke limeandikwa, na ni jina la mama yake bibi. Chini yake wameongezwa watoto wawili, wa 1937 na wa 1939, pamoja na posho ya kila mmoja.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyomfanya mjukuu akae chini. Ni ya Oktoba 1941. Mke amepewa ruhusa ya kwenda Kongolo na watoto wawili kwa sababu ya msiba, miezi mitatu. Chini kuna ombi la mume: nyumba yake kambini isipewe mtu mwingine, kwa kuwa familia itarudi Januari 1942. Hakujua kuandika. Aliweka kidole gumba, na alama yake bado inaonekana.

Halafu mstari wa mwisho. Desemba 1941, namba imefutwa katika orodha ya wafanyakazi. Sababu haikuandikwa.

Mtu wa Katanga akisikia Desemba 1941 hahitaji kuelezwa sana. Vita ya dunia ilikuwa imepandisha bei ya vitu, mishahara haikutosha, na kampuni ilitaka shaba nyingi zaidi. Wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba, huko Elisabethville, wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyewasemea wenzake. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ametumia miaka mingi kuandika maisha ya wafanyakazi hao na familia zao, na kumbukumbu ya siku hiyo haikufutika kwa wazee wa mji.

Je, nkambo alikuwa uwanjani? Faili halisemi. Labda aliuawa. Labda alifukuzwa, labda alikimbia akafia njiani. Mjukuu alishawishika kumwambia bibi kwamba baba yake alikufa kama shujaa, kwa sababu ndilo jambo zuri la kumwambia mzee anayelala juu ya mkeka kambini. Usiku mzima alilifikiria. Asubuhi aliamua kumsomea karatasi jinsi zilivyo, bila kuongeza neno.

Simu ilipigwa Jumapili baada ya misa. Familia ilikaa mbele ya hema, simu ikiwekwa juu ya kigoda ili wote wasikie. Mjukuu alisoma polepole. Alipofika kwenye jina la mama yake, bibi alimwomba arudie. Alipofika kwenye ombi la nyumba, hakuna aliyesema kitu.

Kisha bibi akauliza swali lake. "Mume wangu," alimwambia mjukuu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao, "hiyo karatasi inataja mwanamke mwingine?"

"Hapana, bibi. Inataja mke mmoja tu, mama yako. Lakini karatasi inajua tu yale karani aliyoambiwa."

"Na kidole gumba ni cha kwake?"

"Ni cha kwake, bibi."

Bibi akaomba picha ya kidole hicho. Picha ilifika katika simu ya baba ya mtoto. Bibi aliitazama kwa muda mrefu akiisogeza karibu na macho, kisha akaweka kidole gumba chake mwenyewe juu ya kioo cha simu, pale pale. Picha ikahama, watu wakacheka, naye akacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza jambo la baba yake kuchekesha mtu katika familia hiyo.

Tangu siku hiyo majirani kambini wameanza kumpigia simu fundi wa Lubumbashi. Wengi wana nkambo aliyekwenda Katanga, au aliyefanya kazi ya reli, au aliyekwenda Manono kuchimba bati. Yeye huwajibu wote kwa maneno yaleyale. Waulizeni wazee leo, si mwaka kesho. Andikeni jina la kijiji, la chifu, la parokia alipobatizwa, na namba yoyote wanayoikumbuka. Jaribuni jina kwa kila namna ambayo Mzungu angeweza kulikosea. Pigeni picha cheti cha ubatizo, kadi ya mpiga kura, daftari la shule, kisha mtumie ndugu anayeishi mji mwingine, maana nyumba mbili haziungui usiku mmoja. Na kama karatasi imekwisha kuungua, mzee afundishe mtoto namba hizo kwa moyo. Bibi alibeba zake tangu shule ya misheni, na moto haukuzipata.

Siku ya 84, baba na mama ya mtoto walikwenda mjini kumwandikisha. Bibi alitaka kwenda nao ingawa miguu yake inauma, na walimpandisha pikipiki. Karani aliuliza jina la mtoto. Baba alilitaja. Karani akaanza kuandika, N, kisha herufi iliyofuata.

"Ngoja, baba," bibi alimwambia karani kwa heshima. "Kuna g hapo. Walishatukosea mara moja."

Karani akachukua fomu nyingine.