Rangi za Marikiti

Msomaji, ukishuka matatu katika barabara ya Digo, mjini Mombasa, huna haja ya kuuliza Marikiti iko wapi. Pua yako itakuongoza. Harufu ya iliki, karafuu na mdalasini itakulaki kabla hujaliona vyema jengo la Soko la Mackinnon, lililosimama hapo tangu mwaka 1914. Wengi huenda kununua nazi na viungo vya pilau. Mimi nilikwenda kununua rangi.

Usicheke, kisa chenyewe si cha kuchekesha. Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu anayeishi mtaa wa Tudor, alialikwa sherehe ya mtoto mwenzake. Akaitwa mchoraji, akawachora watoto maua meusi mikononi. Maua yalipendeza ajabu! Siku ya tatu mtoto akaamka akijikuna, na kufikia jioni ua zima lilikuwa limeumuka malengelenge, petali kwa petali, kana kwamba limechorwa kwa maji ya moto. Ilikuwa piko, ile rangi ya nywele ambayo baadhi ya wachoraji huipaka au huichanganya na hina ili mchoro uwe mweusi ti na ukolee upesi. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD kwa kifupi, na ngozi ikishaikataa mara moja, mara nyingi huikataa maisha. Hina safi, elewa, haiwi nyeusi hivyo. Huacha wekundu wa kahawia, nayo hutaka subira ya saa kadhaa.

Kovu halijafutika. Mwezi uliopita, mtoto alipokuwa akikaribia kutimiza miaka saba, mamake alimuuliza anataka sherehe gani. Akajibu: "Ya rangi. Lakini mama mdogo aje na rangi ambazo hata ukizilamba huugui."

Basi nikapanda garimoshi kutoka Nairobi.

Nyuma ya soko nilimkuta mzee ameketi kati ya vilima vya viungo: manjano, pilipili nyekundu, bizari, pilipili manga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Wataka ya kupikia ama ya kupakaza?" Nilimwambia ya kuchorea watoto. Aliusukuma kando unga wa manjano uliokuwa tayari na kunichagulia mizizi mikavu. "Hii nenda kaitwange mwenyewe, mwanangu. Unga huujui umekutana na nini njiani."

Mzee yule hakukosea. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nchini Bangladesh baadhi ya manjano yalikuwa yametiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Sisemi kwamba ya Marikiti yako hivyo. Nasema tu kwamba kinu ni rahisi kuliko daktari.

Mbali na manjano nilinunua hina ya majani matupu, rosela kavu, bitiruti, mchicha, ndimu, magadi kidogo, unga wa muhogo na kabeji ya zambarau, ile ambayo wengi huipita wakidhani ni ya mahoteli. Kila kitu kilifungwa kwa gazeti au karatasi ya kaki, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017. Rangi nyeusi sikuinunua. Mkaa ulikuwa jikoni kwa dada. Lakini tahadhari hapa: mkaa wa kuni, si ule weusi wa ndani ya betri kuukuu ambao tulikuwa tukisagia ubao wa shuleni. Huo usimpe mtoto.

Kazi yenyewe haitaki ujuzi. Koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, bandika motoni huku ukikoroga hadi uwe uji mwepesi, kisha uache upoe. Huo ndio utakaoshika rangi isichirizike. Tia manjano yaliyotwangwa na kuchekechwa, upate njano. Maji ya bitiruti iliyoparuzwa na kukamuliwa ni wekundu wa waridi, ingawa karatasini hufifia na kuwa hudhurungi baada ya siku chache. Mchicha uliopondwa na kukamuliwa kwa kitambaa ni kijani. Rangi zote hizi ni chakula, kwa hiyo huchacha kama chakula. Zipike mkesha wa sherehe na uziweke kwenye friji, si wiki nzima kabla.

Lakini uhondo uko kwenye kabeji. Ikate, ichemshe kwa dakika 20 hivi, ichuje. Gawa maji yale ya zambarau katika vikombe vitatu mbele ya watoto. Kimoja kiache. Cha pili kamulia ndimu, nacho kitageuka waridi papo hapo. Cha tatu nyunyizia magadi kiasi cha ncha ya kijiko, na maji yatakuwa ya buluu, ukizidisha, kijani. Watoto kumi na wawili walipiga ukelele uliowatoa majirani vibarazani! Mvulana mmoja alinishuku kuwa mchawi, nikamwonyesha manjano nayo yanavyogeuka mekundu yakikutana na magadi, akazidi kunishuku.

Vikombe vya ndimu na magadi ni vya karatasi tu. Magadi hukereketa ngozi na macho, na maji ya ndimu yakikaa mwilini katika jua kali kama la Mombasa yanaweza kuunguza. Mwilini tulitumia rangi za chakula zisizo na viwili hivyo, na kila mtoto tulimpaka tone dogo kwanza, siku moja kabla, nyuma ya mkono. Mama mmoja alisema najisumbua bure. Dada yangu alimtazama tu.

Na mpwa wangu? Alasiri nzima aliwachora wenzake na hakukubali kuguswa. Kelele zilipopungua nilimwona ameketi peke yake kwenye ngazi. Alichovya kidole katika kikombe cha bitiruti, akajitia nukta moja karibu na kovu, kisha akatulia akiitazama. Alikuja kunionyesha mara tano. "Haiwashi, mama mdogo. Bado haiwashi." Magharibi ilipoingia aliinawa kwa sabuni, ikatoka yote.

Manjano hayakutoka kwenye leso yangu. Dada alinishauri niianike juani, kwani jua huyafifisha. Niliianika Tudor siku mbili, na sasa iko kwenye kamba yangu Nairobi, ambako jua halina haraka.