Makala Yarejelewa, Msimbo Wafichwa
Sisi wahadhiri hupandishwa vyeo kwa kuhesabiwa makala na marejeo yake. Kwa mizani hiyo, kampuni ya Google DeepMind ya London ingekwisha kuwa profesa zamani. Makala yake ya 2021 kuhusu AlphaFold, programu inayobashiri maumbo ya protini, imerejelewa mara maelfu, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia. Heshima hiyo ni halali: msimbo wake ulitolewa wazi. Lakini Mei ya mwaka huohuo jarida la Nature lilichapisha AlphaFold 3 bila msimbo. (Mimi ningerudishiwa muswada!) Ulitolewa Novemba, baada ya wanasayansi kupinga kwa barua, na vigezo vyake, ambavyo pasipo hivyo programu haibashiri kitu, hupewa msomi aliyeomba na kukubaliwa na kampuni yenyewe.