Aprili ya 1984 na redio ya jikoni kwa bibi

Mwaka 1984 nyumba zenye redio kijijini kwetu, upande wa Katumba, zilikuwa za kuhesabika, na mwezi Aprili ulikuwa ukizinyamazisha karibu zote. Asiyeijua Rungwe hudhani masika ni masika tu. Kwetu upepo hupanda kutoka Ziwa Nyasa ukiwa umesheheni unyevu, ukakutana na milima ya Livingstone na Mlima Rungwe, na mzigo wote ukatua juu yetu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Masika yakikolea, unaweza kukaa wiki nzima hujaliona jua.

Na jua lilikuwa na maana kubwa kwa mwenye redio, maana betri zilikuwa adimu kama sabuni na sukari. Ilikuwa miaka ya maduka matupu. Kwingineko nchini betri zikichoka zilianikwa juani, zikapata nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari moja zaidi. Sisi tulizipanga kando ya mafiga, karibu na majivu, na bibi alizigeuza kwa vidole kama ageuzavyo mahindi ya kuchoma. Wapo waliokuwa na betri zilizovushwa Mto Songwe kutoka Malawi, lakini tangu mwaka uliotangulia, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoanza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, hakuna aliyezitaja kwa sauti.

Tulikuwa tukiisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye mawimbi mafupi. Usiku mawimbi hayo hupanda angani, hugonga tabaka la juu na kurudi ardhini mamia ya kilometa kutoka kwenye mtambo. Tatizo ni kwamba kila radi nayo hutoa mawimbi yake, na redio zile hazikuweza kuyatenga na sauti ya mtangazaji. Radi ikipiga Busokelo, au hata ng'ambo ya ziwa, kwetu ulisikika mkwaruzo uliokata neno katikati. Redio za FM tunazosikiliza leo hazisumbuki hivyo, kwa kuwa sauti husafiri katika mabadiliko ya masafa na si katika nguvu ya wimbi. Sisi dawa yetu ilikuwa waya mrefu uliofungwa juu ya mkaratusi. Radi ikisogea, waya huohuo ni hatari. Baba aliwahi kuzika mtu aliyepigwa na radi, kwa hiyo aliuchomoa mara moja wala hakutaka mjadala. Ukishachomolewa, sauti inazama.

Halafu kuna bati. Baba alikuwa amemaliza kuezeka bati na mama alilifurahia sana, lakini mvua ya Aprili ikianza kulipiga, hata mliyekaa naye bega kwa bega hamsikilizani. Nyasi huimeza mvua. Ndiyo maana ikikaribia saa mbili usiku redio ilifunikwa gunia, ikakimbizwa jikoni kwa bibi chini ya paa lake la nyasi, na majirani wenye mabati wakatufuata huko.

Tulichoogopa kukosa kuliko vyote ni matangazo ya vifo. Mtu wa kwetu akifia Dar es Salaam au Tanga, jamaa waliokuwa naye walipeleka tangazo redioni, maana barua isingewahi mazishi. Mkwaruzo ukila jina la marehemu, unabaki na jina la kijiji. Ukila kijiji, unabaki na jina la ukoo uliojaa wilaya nzima. Basi watu waliitana gizani kupitia migombani:

"Ninyi mmesikia nani?"

"Sisi tumepata Lwangwa tu. Jina limepotea."

Tangazo moja lilikusanywa kutoka nyumba tatu au nne, na watu walitoka kwenye matope na mvua kupeleka neno moja tu walilolipata. Nawaheshimu mno watu wale. Sijaona tena ujirani wa namna hiyo.

Alhamisi ya tarehe 12 Aprili radi zilianza mapema, na waya ulikuwa umeshachomolewa. Sauti iliyotoka redioni haikuwa ya mtangazaji. Ilikuwa ya Mwalimu Nyerere, tuliitambua hata ndani ya mkwaruzo. Tukapata jina la Sokoine, ngurumo ikapita, tukapata kitu kuhusu gari, kisha hatukupata kitu.

Bibi akauliza, "Amemwachisha kazi?"

Baba hakumjibu. Alitoka mvuani, akaurudisha waya kwa mikono yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya radi ikiwa karibu. Sauti ilipopanda, hotuba ilikuwa imekwisha na ulikuwa ukipigwa muziki wa maombolezo.

Walianza kuja mmoja mmoja. Wa kwanza alisema amesikia Dodoma. Wa pili akakataa, yeye amesikia Dar es Salaam. Wa tatu, mwalimu wa shule, alikuwa na hakika ya Morogoro, na hakika ya neno ajali. Walibishana mpaka wakapandishiana sauti, na wote walikuwa wamesikia sawasawa: Waziri Mkuu alikuwa akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, na alifia njiani, Dakawa, mkoani Morogoro. Mwalimu wa shule ndiye aliyeipanga safari ile mbele yetu, akichora kwa kijiti kwenye majivu ya bibi, na ilipofika Morogoro mama akaanza kulia. Huyu ndiye waziri aliyetufanya tufiche betri zetu, na jikoni mle hakuna ambaye hakulia.

Siku zilizofuata uvumi ulikuwa mwingi nchini kote. Kwetu, naamini, mwingine ulizaliwa katika maneno yaliyoliwa na radi usiku ule, maana kila mtu alijaza pengo kwa alichokiogopa. Gazeti la Uhuru lilipofika lilikuwa na siku kadhaa na limelowa pembeni, lakini lilisomwa kwa sauti neno kwa neno, na wazee wakaomba lirudiwe.

Tarehe 24 Aprili ikatangazwa nani ameshika nafasi yake. Mvua ilikuwa haijapungua. Sisi tulipata Salim, mkwaruzo ukala yaliyobaki, na tukasubiri jikoni mpaka jirani wa ng'ambo ya kijito alipopaza sauti: "Salim Ahmed Salim!" Baba akaitikia kwamba tumesikia, akaizima redio ili betri zifike kesho.