Nailoni Katika Mkoa wa Pamba

Nyuma ya mlango wa chumba changu kuna ubao wa futi nne kwa mbili, umegeuzwa ukutani. Wageni wakiuliza nasema ni mbao za kitanda. Leo niseme ukweli: ni mchoro, na nimeuharibu mimi mwenyewe.

Agosti mwaka jana nilikwenda Bariadi kwenye semina ya walimu, siku nne. Mimi ni mtu wa Dar, na kwangu Simiyu ilikuwa jina la kwenye habari tu, mkoa uliomegwa 2012 kutoka Shinyanga na kipande cha Mwanza, na ule uwanja wa Nyakabindi ulioandaa Nane Nane ya kitaifa 2018, 2019 na 2020. Jioni ya pili nikatoka kunyoosha miguu. Njia ya kutoka stendi kulikuwa na kibanda cha mzee mmoja anayeandika mabango: saluni, dawa za mifugo, mama lishe. Ndani kabisa, juu ya madebe ya rangi, ndipo nilipouona ule ubao.

Umechorwa uwanja wenye vumbi na ngoma mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu. Kwa wasiojua, Usukumani makundi haya huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayewavuta watazamaji. Mzee hakuchora ushindi. Alichora ile dakika watu wanapoanza kuhama: migongo inageuka, mama mmoja ameshaondoka lakini shingo bado inatazama alikotoka. Kushoto yupo kijana mwembamba, chatu begani. Watu wote wanamtazama nyoka. Yeye peke yake anatutazama sisi.

“Shikamoo mzee. Hii unauzaje?”

“Marahaba. Elfu themanini.”

Tukavutana mpaka arobaini na tano. Nikarudi gesti najiona mjanja.

Kesho yake jioni nilipokwenda kuuchukua, nikamkuta anaosha brashi. Alikuwa ameupitishia rangi uso wa yule kijana, maana ulianza kufifia, na hakutaka uondoke vile. Ndipo akaniambia ni nani. Ni kaka yake mkubwa, aliyekuwa mcheza ngoma kwelikweli, akafariki 1984. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Huo mchoro ulikuwa wa tatu. Wa kwanza ulikuwa ukuta wa kilabu cha pombe, kikabomolewa, wa pili uliliwa na mchwa.

Nikamuuliza, sasa mzee, mbona unauza?

“Mimi namjua, binti. Nyinyi ndiyo hamumjui.”

Hapo mtu mwenye haya angefungua pochi akaongeza ile thelathini na tano. Sikuongeza. Nilisema asante, nikamwomba aandike jina lake kwenye kona, akaandika kwa herufi zilezile za mabango.

Sasa, kuusafirisha. Rangi yenyewe ni ya mafuta, ileile ya kupakia mageti na baiskeli, inayong'aa. Juu inakauka haraka ukadhani imekwisha, kumbe chini bado laini. Mzee alinionya: “Iache ipumue siku nne, tano.” Lakini nilikuwa na tiketi ya alfajiri. Niliogopa vumbi na mizigo ya watu kwenye buti la basi, nikaingia dukani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, lakini nailoni ya kupima kwa mita haijaenda popote. Nikazungusha tabaka tatu, soloteipu juu, maboksi kwenye kona, kamba ya katani. Nje ya duka hilo lilikuwa linapita lori la marobota ya pamba. Yaani niko kwenye mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, naweza kununua shuka la pamba kila kona, mimi nafunga rangi mbichi kwa nailoni.

Safari ni zaidi ya kilomita elfu moja. Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma. Kila tuliposimama nilishuka kuchungulia buti. Kona zote nne zilifika salama, hazikuchubuka hata kidogo, na konda alinisifu kwa kufunga mzigo.

Nilipofungua nyumbani, nailoni iliachia vizuri kwenye vumbi, kwenye migongo, kwenye nyoka. Usoni ikagoma. Joto la buti lilikuwa limeigandisha kwenye ile rangi mpya. Nikavuta kidogo, ikaja na sehemu ya shavu. Nikaacha.

Nilijaribu kujifariji kwa vitabu, kama kawaida yetu. Hans Cory alichapisha London mwaka 1953 kitabu cha picha za ukutani za Bayeye, chama cha Kisukuma cha wacheza na nyoka. Zile picha zilikuwa kwenye kuta za udongo, hakuna aliyeweza kuzibeba. Kilichosafiri ni nakala. Basi mimi nilibeba chenyewe, na angalia.

Nikaenda Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza mwishoni mwa miaka ya 60 kwa ubao na rangi kama hizi hizi, nikaona wale ndio watakaojua. Kijana mmoja aliuinua ubao kwenye mwanga, akakaa nao kimya. Akasema kushika brashi si tatizo, uso mzuri anaweza kuuweka kwa nusu saa. “Lakini nitamchora nani, dada? Mimi simjui huyu.” Akakataa hela yangu.

Ilinichukua miezi miwili kumpigia mzee. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, hakuyasubiri.

“Macho yamebaki?”

Nikamwambia jicho moja naliona, la pili liko chini ya nailoni. Akanyamaza, nikasikia pikipiki zinapita huko kwake. Akasema nimtumie picha kwa simu ya mjukuu wake. Nikatuma. Siku ya tatu ikaja sauti yake: nisiguse na thina, nisipashe moto, nisimpe fundi yeyote. Rangi ikizeeka itakaza. Nisubiri asubuhi yenye baridi, nianzie pembeni, nivute taratibu kuelekea chini, nikae chini kabisa nisifanye nimesimama. Shavu niliache hivyohivyo. Mwisho akauliza kama Dar kuna baridi.

Nilimtumia ile thelathini na tano kwa simu. Hakusema kitu kuhusu hiyo.

Baridi, Dar! Ubao wa futi nne hauingii kwenye friji, nimeshapima. Nasubiri Julai, saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijapiga bati.