Betri iliyovimba chini ya kitanda

Saa tano usiku, mama mmoja wa Makandana, mjini Tukuyu, aliingia chumbani kwa mwanawe kumwongezea blanketi. Ilikuwa Julai, baridi ya Rungwe imeshika kwelikweli na madirisha yamefungwa. Chini ya kitanda, kati ya viatu vya shule na madaftari, aliona kitaa chekundu kinawaka. Alipovuta waya ikatoka betri ya simu, imevimba kama andazi.

"Ni ya ndege, mama. Inachaji tu," kijana akasema.

Ndege yenyewe haikuwa siri. Kwa miezi miwili ilikuwa juu ya kabati: bawa limekatwa kwenye lile povu jeupe gumu linalokuja na kasha la televisheni, mwili ni ufito wa mwanzi, na mbele kuna mota ndogo yenye panga la plastiki. Mota na rimoti alinunua kwa fedha za kuuza ndizi likizo nzima.

Mwanafunzi huyo wa kidato cha pili hakutaka ndege ya mbio. Ya mbio huanguka kabla hujajua umekosea wapi. Alitaka inayokwenda polepole, na siri ya ndege hiyo ni bawa pana na uzito mdogo. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila gramu ina hesabu yake. Betri nne za tochi zina karibu gramu 100, na bado haziwezi kutoa kwa mkupuo umeme ambao mota inautaka. Ndiyo maana alikwenda kwa fundi simu akapewa betri mbili za zamani za lithiamu.

Hapo ndipo hatari ilipoingia. Chaja ya simu hutoa volti 5, lakini betri ya aina hiyo hujaa kwenye volti 4.2. Simu ndiyo inayoizuia isivuke hapo. Kijana aliunga waya moja kwa moja kwenye betri, na kile kibao kidogo cha ulinzi kilichokuwa juu yake alikuwa amekibandua ili kupunguza uzito. Kwa maneno mengine, hakukuwa na chochote cha kuizuia. Betri iliyovimba ina gesi ndani. Ikitoboka au ikizidi joto inaweza kulipuka moto, na moshi wake ni sumu. Chumba kilikuwa kimefungwa, na godoro liko juu yake.

Mama alichomoa chaja ukutani, akaitoa betri nje kwa koleo na kuiweka kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, mbali na ukuta. Baba, ambaye ni dereva na usiku huo alikuwa Tunduma, alijibu kwa simu kwa maneno matatu: "Tupa vyote hivyo."

Hakutupa, na alifanya vizuri. Kijana aliyenyang'anywa ndege atatafuta betri nyingine, na safari hii ataificha mahali ambapo mama hafiki.

Asubuhi walikaa jikoni wakakubaliana. Mama atatoa fedha kidogo za kikoba, kijana ataongeza zake, inunuliwe betri mpya ya ndege pamoja na chaja yake, inayopima kila seli. Kuchaji ni mchana tu, juu ya sakafu ya saruji barazani, mtu akiwa macho. Betri ikivimba, kazi yake imekwisha. Na mtu akiungua, ni maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno na ute wa yai vibaki mahali pake.

(Kwa anayefikiria kifaa kikubwa zaidi au chenye kamera: kanuni za ndege zisizo na rubani zinasimamiwa na TCAA. Uliza kwanza.)

Jumamosi moja alfajiri, kabla upepo haujaanza, walikwenda uwanja wa shule kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Mara ya kwanza ndege iliinua pua, ikasita, ikaanguka kwenye nyasi. Kijana akaisawazisha kwenye ncha za vidole viwili chini ya bawa, akaona mkia mzito, akasogeza betri mbele na kuifunga upya kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Mara ya pili ikakaa hewani. Ilikwenda taratibu kiasi kwamba mtu anayekimbia angeifikia, ikizunguka uwanja na ukungu wa Mlima Rungwe nyuma yake. Baada ya dakika sita kijana akaishusha ingawa mota ilikuwa bado na nguvu. Betri ya lithiamu ikinyonywa hadi mwisho nayo huharibika.

Simu ya mama ikaita. Alikuwa baba.

"Imeruka?"

"Imeruka."

Kijana akaileta betri. Mama akaishika kiganjani kwanza, akaipindua huku na huku, akasubiri ipoe.