Msitu Unaovaa Nguo Nyekundu Kabla ya Mvua

Akina mama wengi tumeziona, kwenye kalenda za ukutani, zile picha za bustani za Ulaya na Marekani ambamo miti imekuwa myekundu na ya manjano. Huko majani hugeuka rangi yakiwa karibu kufa, kisha hupukutika na baridi huingia. Sisi wa Ruvuma tunazo rangi hizo hizo, wala hatulipi kiingilio. Ila zetu ni za majani yanayozaliwa.

Kama una safari ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, ipange mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Ni kilomita 66 hivi, na siku hizi ni lami. Mwanzo wa safari utapita kwenye kahawa, migomba na milima ya Wamatengo yenye ngoro, yale mashimo ambayo kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na wanawake hushika jembe. Vumbi ni jingi, na mvua ilikwisha tangu Mei.

Kisha gari huanza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa, na hapo mwambie mtoto aliyesinzia aamke. Mitundu na miyombo imechipua. Mmoja una rangi ya shaba, wa pili damu ya mzee, wa tatu kama chai ya maziwa, utadhani umeingia duka la vitenge. Ardhi imekauka kabisa, lakini mizizi yake huenda chini sana kufuata maji, na mti wenyewe huweka akiba. Ule wekundu hulikinga jani changa na jua kali. Baada ya majuma machache huwa kijani, na mvua hukuta mti umekwisha kuvaa. Ni Mungu gani mwingine angewaza hivyo?

Lakini huo ndio mwezi wa moto pia. Vijana huchoma nyasi kutafuta panya, wengine husafisha shamba na moto ukawashinda. Moto wa mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, mti huustahimili. Moto wa Oktoba huunguza machipukizi, na ukirudi kila mwaka msitu hugeuka vichaka. Hasara hiyo hutufikia jikoni. Uyoga mwingi tunaouchuma masika huishi pamoja na mizizi ya miti hiyo. Mti ukifa, uyoga nao hauoti tena. Kuni za kupikia na za kukaushia samaki pwani ya ziwa hutoka huko huko mlimani. Wanaochoma ni wana wetu, wala si wageni.

Ukifika Mbamba Bay usiishie kununua usipa tu. Ngoja jioni. Kila mtu hutazama jua likizama upande wa Malawi. Wewe lipe ziwa mgongo uangalie mteremko ulioshuka, maana mwanga wote wakati huo uko juu ya majani yale. Ukichelewa hadi katikati ya Novemba, utakuta kijani.